Gari Halibebi Nguo Mbichi

Jumatatu, 9 Juni

Tumefika kambini salama, nashukuru. Pazuri—nyasi fupi, bomba la maji karibu, vyoo visafi kuliko nilivyotegemea. Konokono tumemwegesha chini ya miti mirefu. Konokono ndilo jina la gari letu, kwa sababu limebeba nyumba mgongoni: vitanda, jiko la gesi, sinki, kabati, hata choo kidogo ambacho mimi sikiingii, nikikaa magoti yanagonga mlango. Mzee alilinunua alipostaafu udereva wa malori. Alisema amebeba mizigo ya watu maisha yake yote, sasa anataka kubeba mke wake. Nilicheka mpaka machozi.

Tunakwenda kwa binti yetu. Anajifungua mwezi huu, mimba ya kwanza, na mumewe yuko mbali kikazi. Imebaki ile sehemu ya mlimani tu, barabara inashuka kwa kona kona, malori yanapita hapo yananuka breki.

Lakini nguo! Begi zima chafu. Na Mzee ana sheria yake tangu enzi za lori: gari halibebi nguo mbichi. Anasema zikilala ndani gari zima linanuka mbwa aliyenyeshewa. Basi nimefua zote. Kamba tumefunga kutoka kioo cha pembeni cha Konokono mpaka kwenye mti. Mashuka nje, chupi zangu katikati, wapita njia wasinisome. Zikikauka tunaondoka.

Nimempigia mwanangu nikamwambia hivyo hivyo. Akasema tufanye haraka, mjukuu wetu hana adabu, akiweka sahani juu ya tumbo inapigwa teke.

Leo kuingia getini Mzee aliwasha waipa badala ya indiketa. Jua linawaka, waipa zinakwangua kioo kikavu—kwaru, kwaru! Tumecheka wote.

Jumanne, 10 Juni

Jua kali namna hii na nguo hazijakauka!

Asubuhi nilizigusa, zilikuwa zinaelekea kukauka. Nikaenda kuoga, kuna foleni, nikakaa huko. Narudi—zinachuruzika. Umande? Jua lishapanda, umande wa wapi tena? Nikasema labda sikukamua vizuri. Nimeviringisha kila nguo ndani ya taulo, nikasokota mpaka viganja vimewaka moto. Soksi nimezitandaza kwenye dashibodi nyuma ya kioo, hizo angalau zimekauka.

Jirani yetu wa hema la bluu ana watoto pacha wa kike, ndiyo kwanza wanajifunza kutembea, nguo zake zinakauka na kuanuliwa mara mbili kwa siku. Akanitania: "Dada, wewe unaanika nguo au unaanika maji?" Nikacheka naye. Moyoni sikucheka.

Jumatano, 11 Juni

Mbichi tena. Na zinanukia sabuni—sabuni ya leo, siyo ya juzi! Pakiti yangu ya sabuni ya unga imeshuka nusu. Nikaanza kuwashuku watoto wa watu, Mungu anisamehe, hata huyu jirani, Mama Pacha, nilimwangalia kwa jicho la pembeni.

Nikajifanya naenda kuoga. Nikajibanza nyuma ya ukuta wa choo, nikachungulia.

Ni Mzee! Kajifunga taulo kiunoni, beseni katikati ya miguu, anafua shati ambalo nililiacha kavu. Anapiga na mluzi. Mwanamume huyu tangu anioe hajafua hata leso!

Nikamfuata. Nikamuuliza anafanya nini. "Nimeona umechoka, mama," akasema, "nikasema leo nikusaidie." Na lile tabasamu lake. Nikamwambia asante, ila zilikuwa safi, baba. Akaangalia shati, akaangalia kamba. Akasema basi sasa zimetakata zaidi.

Nimelala mchana na raha moyoni. Uzee umemlainisha, nilijisemea. Wenzangu waume zao wanazidi ukali.

Alhamisi, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nimemkuta tena na beseni. Nikamuuliza. "Nimeona umechoka, mama, nikasema leo nikusaidie." Neno kwa neno. Tabasamu lile lile. Nikamwambia, na jana je? Akasema jana kufanya nini? Nilidhani ananitania. Lakini namjua akitania, pua inaanza kucheka kabla ya mdomo. Pua ilikuwa imetulia.

Nikakaa juu ya ngazi ya Konokono. Yakaanza kunijia yote. Zile waipa. Chai aliyonipikia njiani, maji ya moto matupu, wala hakuweka majani. Kumwita mwanetu kwa jina la dada yake yeye Mzee, aliyekufa zamani. Nilikuwa nasema ni uchovu wa njia.

Mchana akasema anamsogeza Konokono juani, nguo zikauke. Akawasha. Badala ya kwenda mbele, gari likarudi nyuma! Kamba ikakatika paa! mashuka chini, na Konokono anakwenda moja kwa moja kwenye hema la bluu. Watoto walikuwa wamekaa nje wanachezea vifuniko vya sufuria. Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kooni mwangu. Mama Pacha akawanyakua wote wawili, mmoja kwa mkono, mmoja kwa nguo. Gari likasimama bamba limegusa turubai.

Mzee akashuka, kijasho chembamba usoni. Akasema gia za gari hili mbovu, atazungumza na fundi. Watu wakampa pole yeye! Mama Pacha mwenyewe, watoto kawakumbatia, akasema magari makuukuu ndivyo yalivyo.

Mimi nikaokota mashuka.

Gia siyo mbovu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefua upya mashuka yenye matope. Nimeanika. Nimekaa nayo kama mlinzi.

Halafu nikaenda kwa mlinzi mwenyewe, yule wa getini mwenye masharubu. Nikamwomba asimfungulie mume wangu geti, hayuko sawa kichwani. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Yule mzee? Mama, ametoka kunihadithia barabara zote alizopita, kona kwa kona, daraja kwa daraja! Mimi nilichokula jana sikikumbuki." Na ni kweli. Ya zamani anayo yote. Ni ya leo yanayomvuja.

Funguo anazivaa shingoni kwa kamba. Anaoga nazo, analala nazo. Na ningezipata ningefanya nini? Kwenye gari mimi najua honi tu.

Mwanangu amepiga. Tumefika wapi? Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini kasema presha yake imepanda, daktari anataka atulie, asipate mshtuko. Nimemeza. Nimesema nguo bado hazijakauka. "Mama, nguo gani hizo, mmeshona kwa sponji?" Nikacheka. Baada ya kukata simu nimekaa nayo mkononi mpaka kioo kikazimika.

Sabuni nimeificha chini ya godoro. Asipoiona hatafua, asipofua hatachoka bure. Hilo tu ndilo nililoweza kufikiri.

Jumamosi, 14 Juni

Mjinga mimi! Mjinga, mjinga!

Sabuni hakuiona, hakufua. Na nguo zimekauka. Kavu kabisa, suruali zake zinasimama zenyewe. Akapita kwenye kamba anazigusa moja moja, ananusa kola, uso umemchangamka kama kijana. "Zimekauka, mama! Kesho tunashuka mlima, tukamwone mtoto."

Kumbe yale maji ndiyo yaliyokuwa yanatulinda siku zote hizi.

Alipokwenda kupiga soga getini nikachukua jagi. Nikazimwagia. Shati, suruali, mashuka, hata sweta langu. Nikajilowesha hadi miguu. Nimefua maisha yangu yote, sijawahi kuchukia nguo kavu namna ile.

Akarudi, akashika shuka. Akakunja uso. Nikamwambia umande. Umande wa alasiri! Akaitikia, "Aa, umande." Akakaa. Kunikubalia upesi vile ndiko kulikonichoma.

Jumapili, 15 Juni

Nilianza mapema. Nusu ya kamba nilikuwa nishailowesha nilipohisi mtu nyuma yangu.

Hakukasirika. Heri angekasirika! Alinishika mkono uliokuwa na jagi, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Mama," akasema, "hizi zilikuwa zimekauka. Umesahau?"

Nilimwangalia machoni. Amejaa huruma. Huruma juu yangu mimi.

Akanikalisha kwenye ngazi, akatafuta kitu kikavu cha kunifunika mabega, akakosa, akavua koti lake. Kisha akachukua simu, akazunguka nyuma ya gari. Anadhani sisikii. Anamwambia binti yetu mama yako anasahau siku hizi. Muda sasa. Anamwagia maji nguo kavu halafu anasema ni umande. Usimwambie kama nimekwambia, mwanangu, mimi namtunza. Na sauti ikamkatika. Mume wangu analia kwa ajili yangu!

Nikamfuata nikamnyang'anya simu. Nikasema yote kwa pumzi moja: mwanangu, ni baba yako, asiendeshe, alitaka kupita juu ya watoto wa watu, anafua nguo kavu. Akaniuliza polepole, kwa sauti ile ya kuongea na wagonjwa: "Mama, ni kweli unazimwagia maji nguo zilizokauka?"

Ningesema nini? Ni kweli.

Nikajaribu kueleza. Nazimwagia ili zisikauke, zikikauka tutaondoka, tukiondoka... Nilikuwa najisikia mwenyewe ninavyoongea. Kila nilivyoeleza nilizidi kuwa mwendawazimu. Nikasikia anapumua kwa shida, nikakumbuka presha, nikaacha katikati. Akasema, "Mama yangu, mwache baba akulete. Usibishane naye. Ukifika tutamwona daktari pamoja."

Nikasema haya, mwanangu.

Mzee amenipikia uji. Umeungua. Nimemaliza wote.

Jumatatu, 16 Juni

Ameamka kabla yangu. Nguo zote ameanua zikiwa mbichi, amezirundika kwenye sinki. Nikamkumbusha sheria yake. Gari halibebi nguo mbichi, Mzee! Nikaisema kwa nguvu, mpaka watu wakageuka. Akanipapasa shavu. "Kwa ajili yako acha linuke. Wewe ni mgonjwa, mama. Nguo zitasubiri, wewe husubiri."

Kwa hiyo ni mimi niliyetuondoa. Kwa jagi langu.

Nimewaza kukataa kupanda. Lakini ataona nimezidiwa, atanibeba mwenyewe mbele ya watu, na watu watamsaidia. Au atasahau kama nimebaki, aende peke yake. Kwenye kona zile, peke yake, nani atampigia kelele afunge breki?

Nimepanda.

Mama Pacha alikuja kuniaga. Aliongea polepole na kwa sauti kubwa, kama mimi kiziwi. "Pole, dada. Utapona." Nikamvuta karibu nikamnong'oneza, siyo mimi, ni yeye. Akanipigapiga kiganja. "Ndiyo, dada. Ndiyo." Mlinzi amefungua geti lote, amesimama pembeni amepiga saluti. Nje ya geti lami inakwenda sawa kidogo, halafu haionekani tena, imeshuka.

Naandika hapa kiti cha mbele, daftari mapajani. Nimejifunga mkanda. Konokono kashawashwa, anatetemeka mpaka herufi zinaruka. Nyuma nguo zinadondosha maji sakafuni. Mzee amefuta kioo kwa kiganja, amerekebisha kiti, ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Jamani alivyo mzuri akishika usukani.

Kaniuliza, umefunga mkanda, mama? Nimesema nimefunga. Akaitikia. Akaweka mkono kwenye gia. Akautoa.

Kaniuliza umefunga mkanda.

Nimemwangalia pua. Imetulia.

Nimesema bado.

Akaondoa mguu kwenye pedali, akaniwekea mkono gotini, juu ya daftari. Kasema hamna haraka, jifunge vizuri, barabara mbaya. Anasubiri. Nyuma yetu kuna gari lingine linataka kutoka, linapiga honi. Hageuki hata kidogo. Ni mvumilivu mume wangu.

Anauliza tena.

Bado, baba.

Mlinzi kashusha mkono wa saluti, anatuangalia. Gari la nyuma linapiga honi.

Anauliza.

Bado.