Mzizi Mwekundu wa Baba Mkwe

Mpendwa Mama Shamsia, shikamoo. Nakusoma gazetini kila Jumatano hapa Butimba, huwa nacheka shida za wenzangu, leo zamu yangu imefika, naomba unisaidie kabla sijaumbuka mbele ya ukoo mzima.

Nilisomea biokemia, na huu ni mwaka wa kumi na moja nafanya kazi katika maabara moja hapa Mwanza, tunatafuta dawa mpya ya kichocho, na usidhani tunachemsha vitu kwenye sufuria, Mama, tuna sahani za plastiki zenye vishimo vidogo mia tatu themanini na nne, kila kishimo kinatiwa minyoo michanga ya kichocho na tone la kemikali moja, pamoja na rangi ambayo minyoo ikiwa hai inang'aa na ikifa inazimika, halafu mashine inapita ikisoma mwanga, kwa hiyo kwa siku moja tunaweza kujaribu kemikali mia kadhaa. Tangu nianze tumepima zaidi ya elfu sitini na hata moja haijafika duka la dawa, majirani wananiuliza dawa yenu inauzwa wapi, lakini nakwambia kweli naipenda kazi hii, naamka asubuhi na hamu nayo. Shida yangu si kazi, ni baba mkwe.

Nimwite Mzee Chenge. Anaishi Misungwi, ni mfugaji na anajua mitishamba, na kwa miaka saba tangu niolewe na mwanawe Nestory hakuwahi kuongea na mimi zaidi ya salamu, si kwa ubaya, kwao mkwe na mkamwana wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali, nikipiga magoti kumwamkia anaitika marahaba huku anaangalia ng'ombe, na akiwa na neno anamwambia Nestory aniambie mimi niliyekaa hatua tatu tu. Basi mwaka jana akasikia natafuta dawa ya kichocho, akaja mwenyewe mpaka Butimba na kikapu chenye mizizi tisa, kila mmoja umefungwa kwenye gazeti lake, na juu kabisa ameweka mzizi mwekundu, akasema huu ndio baba yao.

Mkuu wangu wa kazi aliniruhusu kutumia vishimo vilivyokuwa vimebaki kwenye sahani, nikausaga ule mwekundu nikauweka, na mashine iliposoma, kishimo cha mzee kilikuwa giza totoro, nikapiga kelele mpaka wenzangu wakaja mbio. Hapo ndipo nilipokosea, Mama, kwa sababu utaratibu wetu ni kwamba matokeo ya kwanza si matokeo, unarudia, halafu unarudia tena, na mimi ndiye ninayewafundisha wageni hivyo, lakini siku hiyo nilitoka nje nikampigia simu nikamwambia, "Baba, mzizi wako umeua."

Wiki iliyofuata nikarudia, safari hii nikaangalia kwa darubini kwa macho yangu mwenyewe, na minyoo ilikuwa hai inacheza. Mzizi ule ni mwekundu kupita kiasi, rangi yake inameza mwanga, mashine ikadhani minyoo imekufa kumbe imewekewa pazia tu. Nimerudia mara tatu na hauui hata mmoja.

Sikumwambia, na huu ni mwezi wa tano. Tangu simu ile mzee ananipigia mimi, si Nestory, kila Jumapili jioni akisharudisha ng'ombe zizini, ananiita mkamwana wangu wa vishimo, ananisimulia jinsi baba yake alivyomfundisha kuchimba dawa, anauliza vishimo vinaendeleaje, nami najibu vinaendelea vizuri, Baba. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa kidato cha pili, na sikujua kama nilikuwa nimeikosa sauti ya namna ile mpaka nilipoipata.

Sasa ametenga ng'ombe wa kuchinja. Mwisho wa mwezi huu anaita ukoo na majirani, nisimame niwaeleze habari za mzizi, na ameagiza nije na koti langu jeupe la kazini. Watu wameshaanza kuuchemsha, na jirani yake, nimwite Mama Precious, amewaambia wanawe, wanaoshinda kwenye majaruba ya mpunga, wasimeze vidonge vya kichocho vinavyogawiwa shuleni kwa kuwa dawa ya mzee inatosha. Nestory anasema ninyamaze, mzee ana miaka sabini na tisa, mwache afurahi. Nikisema, nitampoteza mzee. Nikinyamaza, lile koti nitalivaaje? Nifanye nini?

Ni mimi Justa (majina yote nimeyabadili), Butimba.

*

Marahaba, Justa. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili machozi yakanilenga.

Nianze kwa kukugombeza ili tulimalize. Wewe mtu mzima, msomi, mwalimu wa wenzako, umepiga vigelegele kabla mahari haijapokelewa. Hilo nakusamehe, furaha haina breki. Nisilokusamehe ni hii miezi mitano. Watoto wa Mama Precious wanashinda kwenye majaruba ya mpunga, maji yamewafika magotini, na vidonge wameviacha kwa neno lako, si la mzee. Mzee alileta mzizi tu. Aliyesema umeua ni wewe, kwa hiyo usitafute wa kumsukumia.

Na huyo Nestory mwambie Mama Shamsia amemsikia. Mwache mzee afurahi, eti. Mtu wa miaka sabini na tisa habembelezwi kwa pipi. Amechimba dawa maisha yake yote, unadhani hajawahi kuchemsha kitu kikakataa? Ameona dawa zikikataa kabla wewe hujazaliwa, ila yeye hakuwa na mashine ya kusingizia.

Unasema utampoteza. Hebu soma tena ulichoandika. Kila Jumapili anakusimulia habari za baba yake, na mtu hasimulii habari za baba yake kwa ajili ya mzizi. Huyo mzee alikuwa anatafuta sababu ya kuongea na wewe miaka saba, mzizi ukampa. Kitakachomuumiza ni kuja kujua kwa mdomo wa mtu mwingine kwamba Jumapili zote hizo ulikuwa unamdanganya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unafanya kazi ya maradhi, unalijua hilo kuliko mimi.

Sasa fanya hivi. Jumamosi hii, usingoje mwisho wa mwezi, pitia soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba asubuhi ununue sato mzuri wa kubanika, uende Misungwi bila Nestory. Usimpigie simu. Kwa simu ulikosea, kwa simu usirekebishe. Piga magoti umwamkie kama mlivyozoea. Beba unga wa ule mzizi, ukoroge kwenye glasi ya maji, umulike tochi upande wa pili, aone mwenyewe jinsi wekundu unavyozuia mwanga. Ataelewa kabla hujamaliza. Kisha mwambie, "Baba, nimekosea mimi, mzizi haukukosea, na nimenyamaza miezi mitano kwa kuogopa kukukosa." Ukishasema hivyo, tulia. Akikasirika ana haki. Akigeuka akaangalia ng'ombe wake, msubiri hapo hapo, usiondoke.

Jua lisizame kabla hamjafika kwa Mama Precious, wewe na yeye pamoja, watoto wapelekwe zahanati wakameze vidonge vyao. Akikataa kukusindikiza, nenda peke yako, hilo haliahirishwi. Habari za ng'ombe na sherehe mwachie mwenye ng'ombe.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine waliotangulia kuandika. Umepokea "hapana" elfu sitini na bado unaamka na hamu ya kazi, iweje hii moja ikushinde kuitamka? Halafu umesema mzee alikuletea mizizi tisa. Mimi sikusoma biokemia, lakini kuhesabu najua, umepima mmoja. Ile minane iko wapi, Justa? Kwenye droo? Ijumaa muombe mkuu wako vishimo vingine, na Jumamosi uibebe yote, ikiwa bado kwenye magazeti yake. Ukishaomba radhi na kufuta machozi, na watoto wakishameza vidonge, ipange mbele yake umuulize: Baba, tuanze na upi?