Senti za Tundu za Mama

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mama amekubali tuuze senti zake za tundu. Si mimi niliyeanza—ni yeye! Jana nilichoma mahindi, akashika moja, akalizungusha mkononi, akanirudishia. Hayo ni ya watu wenye meno, akasema. Anataka meno ya kubandika, na anayataka kabla mahindi hayajaisha shambani. Haya basi. Leo nimefunga cherehani mapema, nikapiga picha, nikaweka kwenye app ya kuuzia vitu. Kamba ya katani, senti za enzi za Mwingereza, kila moja na fundo lake. Zinapendeza.

Jumanne, 5 Agosti
Tangazo limeondolewa. Eti hairuhusiwi kuuza pesa kwenye soko lao. Pesa! Nani hapa Kanyakine atanunua hata kiberiti na senti ya 1942?
Nimerudia, nikaandika "sarafu za kale". Likakaa kidogo, likaondolewa tena. Safari hii kosa ni mkono wa mama kuonekana kwenye picha. Mkono hauruhusiwi.
"Kwani mkono wangu uko na makosa gani?" mama akaniuliza. Nilicheka hadi machozi. Yeye hakucheka sana.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimefungua senti moja ya mwanzo wa kamba, nikaisugua na jivu na limau. Nani humpa mgeni kibuyu kichafu? Imeng'aa kama sufuria ya harusi. Nikailaza juu ya karatasi nyeupe, bila mkono—na imepita!
Mchana ujumbe. Gachoki, mtu wa Embu, anakusanya sarafu. Nilidhani ataniuliza bei. Wapi!
"Madam, please, usioshe ingine. Collector anataka hiyo rangi ya uzee. Hiyo umeosha ni kama bati tu sasa. Nipigie."
Akaweka namba, app ikaifuta. Akaiandika kwa maneno, sifuri saba na kuendelea—akafungiwa akaunti. Mtu anayetaka kunisaidia! Nimekasirika mpaka nikavunja sindano kwa yunifomu ya watu.

Jumapili, 10 Agosti
Leo baada ya kanisa nilimwambia mama kwamba ile moja nimeiharibu. Akaipapasa.
"Huyu ni Wambeti," akasema.
Miaka yote nilijua ni akiba tu. Kumbe alipoolewa, nyanya alimfungia senti moja kwa kila mwanamke aliyekuja kumsaidia harusini, ili asisahau nani wa kurudishiwa mkono. Wambeti alileta uji. Ruguru alibeba maji. Aliendelea hivyo kamba yote, kutoka mwanzo, bila kukwama. Wengi wameshafariki.
Roho ikaniuma. Nikasema basi, tuache. Akanikatiza. Wote amewafanyia, kwa harusi na kwa matanga, na sasa yeye anataka kutafuna. Meno ni meno.

Jumatano, 13 Agosti
Gachoki amefunguliwa akaunti. Anataka kamba nzima, chafu hivyo hivyo! Bei yake inatosha meno ya juu na ya chini. Mama amepiga makofi.
Nimeweka tangazo la kamba nzima. Limekataliwa. Tangazo moja, kitu kimoja. Vilivyofungwa pamoja vifunguliwe, kila kimoja na picha yake. Nimelalamika, jibu likarudi lile lile, neno kwa neno. Kununua nje ya app Gachoki hataki, alishawahi kutapeliwa. Simlaumu.
Nimemweleza mama. Ameivuta kamba kwake. Kisha akaniomba makasi. Kisha akanirudishia makasi—haya mafundo hayakatwi, akasema, na akaanza kuyafungua kwa kucha.

Sasa tuko mezani. Anafungua, anataja jina, ananipa. Ruguru. Kathambi. Mwingine aliyepasua kuni zote peke yake. Naweka kwenye karatasi, napiga picha. Jina la bidhaa? Naandika "sarafu ya kale ya tundu". Jina la bidhaa? "Sarafu ya kale ya tundu." Zinapita zote, hakuna kelele! Gachoki anazichukua moja moja, simu haitulii.

Mama amekwama. Ameshika fundo lakini hafungui. Jina halimjii.
"Huyu... ngoja. Huyu anafuata nani?"
Anarudi mwanzo wa kamba, vile hufanya siku zote, mmoja akimkumbusha mwingine. Lakini mwanzo hauko tena. Uko hapa kwa karatasi, senti zimechanganyikana, zote zinafanana. Ananiuliza Ruguru ni ipi. Naangalia mezani, naangalia app. Sarafu ya kale ya tundu, sarafu ya kale ya tundu, sarafu ya kale ya tundu.
Sijui, mama.
Simu imelia. Gachoki anauliza kama ingine iko tayari. Mama bado ameshika fundo, midomo inamcheza. Anasema nimwambie huyo mtu wa Embu angoje kidogo.