Askari Hanyweshwi

9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la huko kazini? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ni magoti tu yanayolia kila nikishuka ngazi za chumba cha kufulia na bunda la mashuka ya wagonjwa. Nimekupigia simu mara kumi na moja. Hupokei. Basi nimenunua karatasi, maana barua huwezi kuikata katikati.

Kabla ya kuandika nimeomba mara tatu Mungu anipoze ulimi. Hakunipoza. Kwa hiyo soma hivyo hivyo.

Askari anakufa, na wewe ndiye uliyemuua.

Nasema Askari, ile yuka ya Baba, ule mti wa jangwani pale getini, usije ukajifanya umesahau. Miaka kumi na tisa Baba alikaa naye. Ulikuwepo siku aliporudi kutoka kazini kwake, kwenye bustani ya hospitali, na mbegu mfukoni, nyeusi, bapa kama vifungo vya koti, akazipanda kwenye kopo la maziwa. Sita zikaoza, moja ikaota. Akamjengea kichuguu cha kokoto, mchanga wa ujenzi na matofali yaliyovunjika, tukamcheka kwamba anapanda nyumba. Kila mwaka majani machache tu, membamba, yamechongoka kama visu, buluu kama moshi wa jikoni asubuhi. Na kila aliyekuja na ndoo alisikia neno lile lile: "Askari hanyweshwi. Askari anaachwa." Majani ya chini yakikauka, yanalala kwenye shina na kumvika koti, na koti hilo Baba hakuruhusu mtu aliguse. Alichokuwa akingoja ni maua tu. "Atatoa siku akitaka mwenyewe."

Wewe ukaja siku ya nne baada ya mazishi, ukakaa siku mbili. Katika siku mbili hizo ukamvua koti lote kwa kisu, ukalitia moto, ukamchimbia beseni miguuni, ukamzungushia mpira wenye matundu na kuuchomeka kwenye bomba la uani. Fundi bomba bwana! Ukiona kitu kimesimama, lazima ukiwekee maji. Juzi jirani yetu fundi cherehani kapita hapa, akasimama. "Heh, Mama! Askari wenu kavuliwa suruali na nani?" Nilitaka kucheka, nikalia mbele yake.

Leo nimebonyeza shina upande wa ukutani, kidole kikaingia kama kwenye ndizi iliyopitiliza. Na pananuka.

Baba kaniachia vitu viwili vya kutunza, wewe na Askari. Wewe hupokei simu. Niambie nifanye nini.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Salamu zimefika. Mimi mzima, kifua kizima. Pole na magoti.

Kwanza, sikuamka tu nikashika kisu. Ulisimama mlangoni na sufuria mkononi ukaniambia, "Acha kukaa kama mgeni. Safisha pale mbele, wapita njia watadhani nyumba hii haina mwanamume." Wewe umesahau. Mimi sijasahau. Nikasafisha.

Pili, nimemuuliza mwenye kitalu cha miche huku. Anasema kata palipooza mpaka ufike penye ugumu, acha jeraha likauke juani, usimwage hata tone. Mzizi ukiwa mzima unaweza kuchipua. Msumeno wa Baba uko juu ya kabati.

Tatu, bomba lile lina koki. Nilikuonyesha mwenyewe, kulia kufunga, kushoto kufungua. Niliondoka Novemba. Nani aliiacha wazi mpaka Februari?

Mdogo wako


6 Machi

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. U mzima? Vizuri.

Umeniandikia kwanza, pili, tatu, kama unamwandikia mwenye nyumba kuhusu choo kilichoziba. Kweli nilisema safisha. Nilisema safisha, sikusema chinja. Mtu akikuambia mwogeshe mtoto, unamchuna ngozi?

Sasa unataka nimkate. Mimi! Nipande juu ya kiti nichukue msumeno wa Baba nikamkatie Baba mti wake. Nani alimpeleka kliniki miaka minane, kila mwezi, mimi na yeye tumekaa kwenye benchi tangu alfajiri? Nani alimkata kucha? Alipokuwa hawezi tena kuinama, nani alikuwa anamwokotea mawe getini, huku ameketi kwenye stuli ananielekeza kwa fimbo, "Si hilo, la pembeni, la pembeni yake, wewe mtoto huna macho"? Nina miaka hamsini na mbili naitwa mtoto asiye na macho, na nikaokota.

Wewe una haki gani ya kunielekeza msumeno? Ungeshika kwanza mkono wake. Ulikuwa wapi alipokuwa anaumwa?

Nimetoka ibadani sasa hivi na hasira bado ninayo, ujue basi ni kubwa kiasi gani.

Dada yako


25 Machi

Dada,

Leo sisalimii.

Unaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa nilipo siku zote, kwenye anwani hii hii ambayo barua zako mbili zimefika bila kupotea. Wiki sita Baba alilala kitandani. Wiki sita hizo mimi na wewe tuliongea kwenye simu kila Jumapili. "Baba yupo?" "Kalala." "Anaendeleaje?" "Mzima, anakusalimu." Jumapili sita, Dada. Wewe usiyetia tonge mdomoni kabla ya kushukuru. Ulikuwa unatoka ibadani, unavua viatu, unanidanganya.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe kimekuumbua, lakini aliyebaki uchi ni mimi.

Uliniambia mmeshazika, nikafika udongo umeshakauka juu ya kaburi. Hapakuwa na jeneza la kubeba, wala shimo la kuchimba. Hata viti vya watu mlikuwa mmesharudisha. Wote mmeshamaliza kulia, mnanitazama mimi ndiyo kwanza naanza, kama mtu aliyeingia na kelele kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala. Nikauliza nifanye kazi gani. Ukaniambia nisafishe.

Ndiyo, nilimvua koti kwa hasira. Kila jani nililokata, nilikuwa nakata neno lako. Kalala. Mzima. Anakusalimu. Nilipomaliza nikamwona amesimama mwembamba vile, nikaona aibu. Nikamtandikia mpira, maana ndiyo kazi ninayoijua. Sikupata kumpa Baba hata glasi ya maji. Nikampa mti wake.

Kuhusu koki hujanijibu.

Usiniandikie tena.

Fundi bomba


14 Agosti

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, nisije nikakulazimisha kujibu. Nakuombea tu uwe mzima, hilo huwezi kunikataza.

Barua yako nimekaa nayo miezi minne. Mwanzoni nilikukasirikia mpaka nikaichana. Nikaiokota, nikaiunga kwa gundi. Halafu nikamkasirikia Baba, Mungu anisamehe, nikasimama kaburini kwake na nguo za kazini nikamgombeza kwa sauti, mpaka mzee anayefagia pale akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Maana ni Baba aliyenishika mkono akasema, "Usimwambie mdogo wako. Ataacha kazi aje kunitazama nikitapika. Nikipona nitamwambia mwenyewe." Nikatii. Nikajiambia kumtii mzazi ni amri. Uongo nao umekatazwa, lakini kati ya amri mbili nilichagua ile isiyonitoa jasho.

Nisikilize hili, sijamwambia mtu. Wiki ya tano aliamka akaniuliza, "Mdogo wako hajapiga?" Ulikuwa umepiga asubuhi ile ile. Nikamwambia, "Kapiga, anakusalimu." Akageukia ukutani. Hapo alikuwa anakutaka, na mimi niliona kwamba anakutaka. Ningekupigia dakika ile ungefika. Sikupiga, kwa sababu nilikuwa nimeshadanganya sana, sikujua ukweli nauanzia wapi. Mungu anajua, na sasa wewe unajua.

Koki ni mimi. Sikuifunga. Kila asubuhi nikitoka kwenda kazini naukuta ule mpira unadondosha, na sauti ya Baba naisikia kabisa, Askari hanyweshwi. Nilijua. Lakini uliondoka bila kuaga, na mpira ule ndiyo kazi pekee uliyowahi kumfanyia Baba mwaka ule. Kila nikipeleka mkono, unakataa. Nilishakufungia mlango mara moja, nikufungie na maji? Basi Askari akaoza kwa aibu yangu, na mimi nikachukua karatasi nikaandika kwamba umemuua wewe.

Niliifunga siku niliyosoma barua yako ya kwanza. Nikakuandikia matusi siku ile ile. Ndivyo nilivyo.

Sasa kuna habari, na safari hii nakuambia kabla, sikuambii baada. Uozo umepanda, umefika kiganja kimoja juu ya kokoto. Na mwanzoni mwa mwezi huu, nikifagia, niliona katikati ya majani kimetokeza kitu kinene kama mkono wa mtoto, rangi ya kijani kibichi. Jumatatu kimenifika begani. Leo kimenipita kichwa, na kina matawi madogo yenye vichwa vyeupe vilivyofumba.

Ni ua, mdogo wangu. Miaka kumi na tisa!

Fundi cherehani anasema mti ukijua unakufa hutoa maua. Yeye anajua vifungo tu. Nikamwita yule aliyeshika kazi ya Baba kwenye bustani ya hospitali. Kapiga magoti, kabonyeza, kanusa. Akasema, "Mama, chagua. Tukikata leo, mzizi unaweza kupona, lakini ua limekwenda. Tukiacha ua lifunguke, hizo ni wiki tatu, na shina hilo mimi sikuahidi." Kashaushika msumeno wa Baba, ananitazama.

Nikamwambia aurudishe juu ya kabati. Akasema, "Unangoja nini?" Nikasema nyumba hii ina watu wawili.

Ya Baba niliyaamua peke yangu. Hili siliamui peke yangu. Ukisema tukate, nitashika tawi wewe ukate. Ukisema tuache, tutaacha. Usipojibu, nitakaa hivi hivi nimtazame, na hilo nalo litakuwa langu mbele ya Mungu.

Hajalala. Si mzima. Hakusalimu. Anaumwa, na ua limesimama.

Dada yako, ukikubali


22 Agosti

Dada,

Hujambo? Magoti?

Usikate. Usimnyweshe. Ua lisije likavunjwa na upepo, nakuja na bomba jembamba la kumwegemezea, wewe usimfunge kamba, utamnyonga.

Nimeomba ruhusa, nafika Jumamosi. Hasira bado ninayo, haijapungua hata kidogo, nakuja nayo kwenye begi. Tutagombana kwanza. Tukimaliza tutatoka nje tumtazame, ndipo tuamue.

Usinipikie. Ukinipikia nitakula, halafu utadhani nimekusamehe.

Na ile ya wiki ya tano, aliponiulizia, nataka uniambie tena uso kwa uso. Alivyouliza. Alivyogeuka. Usinipunguzie hata neno.

Mdogo wako