Ng'ombe Mweusi wa Mjomba

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Dirma tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Barua yako nimeisoma mara tatu na bado kichwa kinazunguka. Unasema kimeng'enya laktesi kinaitwa hivyo kwa sukari ya maziwa kinayoivunja, pepsini ya tumboni nayo jina lake halisemi inavunja nini, halafu vyote vinapewa namba. Unaniuliza, namba za nini, wakati majina yapo?

Mimi nitajuaje? Ila nikiwa msichana, wakati wa Mwingereza, bwana mifugo alikuja kuchanja ng'ombe wetu sita. Kila aliyechanjwa tulimtaja, naye bwana mifugo akatia alama daftarini. Baba akasema, "Mweusi." Mama, upande wa pili wa zizi, akasema, "Wa Mjomba," maana ng'ombe tunawaita pia kwa jina la aliyetupa. Kumbe ni huyo huyo mmoja! Alama sita zikatimia, bwana mifugo akaondoka. Mmoja, mwekundu, hakuchanjwa, na ugonjwa wa sotoka ukamuua.

Mwaka uliofuata ng'ombe walichomwa namba kwa chuma cha moto. Mama alizichukia, lakini siku ya chanjo alizitaja kwa sauti kubwa kuliko wote. Jioni akikamua, alimwita Wa Mjomba.

Sasa hiyo pepsini yako, nani anaikamua, aiite kwa jina?

Bibi yako