Bibi Arusi na Pikipiki Iliyochemka

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hapa Kasongo tuko wazima. Mama yako amevuna mpunga, na goti langu limekubali tena kwenda sokoni.

Unaniuliza kama pikipiki uliyoachiwa na babu ikichemka uimwagie maji palepale, kama wenzako wanavyofanya. Sikia mambo ya arusi yangu.

Babu yako na mdogo wake walinifuata kwetu Wamaza na pikipiki mbili kubwa za safari, kuukuu, zenye radiateri ya maji ya kupoza moteri, yaani injini. Tulipomaliza mlima wa mwisho kabla ya Kabambare, zote mbili zikafuka mvuke. Wakakimbilia mtoni na bidoni, yale madumu, kuchota maji. Mimi, binti wa mfinyanzi, nikaruka chini na kitenge changu kipya, nikaikinga yetu, ile ya babu yako.

"Chungu ikitoka ku moto, hatuweke maji ya baridi. Itapasuka!"

Shemeji akacheka. "Bibi arusi iko anatufundisha moteri!" Akamimina juu ya moteri yake. Tukasikia ta! Bloku ya moteri ikapata ufa, maji yakachuruzika chini.

Yetu tuliiacha mpaka nikaweza kuishika kwa kiganja. Ndipo babu yako akafungua kifuniko cha radiateri, akaongeza maji kidogo kidogo.

Wakwe walikuwa wamechoka kungoja. Lakini tuliingia Kabambare tukinguruma, shemeji akivutwa nyuma kwa kamba, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Ndiyo pikipiki hiyo uliyo nayo. Ikichemka, kaa chini upumzike, kisha weka kiganja chako pale nilipoweka changu.

Bibi yako