Kahawa Iliyotiwa Mfukoni

Mjukuu wangu Kemilembe,

Huku Maruku tu wazima, mama yako anapalilia migomba. Barua yako imeninyima raha. Unauliza kama walimu wakongwe watakupokea, wewe mkuu wao mpya, uliye rika moja na binti zao.

Enzi za Ujamaa nilifundisha shule ya wazazi kule Muleba. Tukaletewa mkuu kijana, mtu wa Singida. Wengi wetu hatukuwa na vyeti, tukaogopa kufukuzwa. Tulimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, zile punje kavu ambazo kwetu hupewa mgeni wa heshima. Akaitia yote mfukoni, bila kutafuna hata punje moja! Ta Kaijage, mkongwe wetu, akaninong'oneza, "Huyu ametukataa." Siku tatu tulingoja kufukuzwa.

Ya nne akaja ameinamisha kichwa. "Wazee wangu, zile mbegu nimezichemsha mpaka kuni zimeisha, hazilainiki. Mnazilaje?"

Tulicheka mpaka machozi. Ta Kaijage akachukua punje, akaitafuna taratibu mbele yake, kama anamfundisha mtoto kusoma. Hatukuogopa tena.

Wewe, mjukuu wangu, umeniandikia kurasa tatu za mipango. Swali lililomo ni moja tu, nalo umeniuliza mimi, si wale wakongwe wako.

Bibi yako,
Ma Koku