Risiti ya Kitasa

Mpendwa mshauri, nimepoteza wimbo. Nimeupoteza Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na dakika arobaini asubuhi, nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi yangu na simu sikioni, na pamoja na huo wimbo nimempoteza mdogo wangu wa tumbo moja, naomba unisaidie kabla sijapoteza na akili.

Mimi ni mchapishaji wa nyimbo, kazi ambayo watu wakiisikia wanadhani nauza vitabu vya kwaya. Kazi yenyewe ni kuhakikisha aliyetunga wimbo anatambulika na analipwa kila unapopigwa redioni, ukumbini au kwenye filamu. Sikuirithi wala sikuisomea. Miaka tisa nilikuwa mpiga chapa kwenye duka la karatasi, watu wananiletea mikataba niichape, na humo ndimo nilimoona vijana wakiuza nyimbo zao moja kwa moja kwa bei ya simu ya mkononi, nikasema ipo siku. Leo nina vyumba viwili juu ya duka la betri za magari, watunzi kumi na mmoja, nyimbo sabini na nne, na hakuna anayenidai.

Kwangu kuna sheria moja. Wimbo ukikamilika, hakuna anayeshika mlango kabla karatasi ya mgawo haijajazwa. Kila aliyechangia anasimama, anaimba au anapiga kile alichokileta yeye, wenzake wanasikiliza na kukubali, ndipo naandika jina lake, kisha mchango wake, na asilimia mwisho kabisa. Kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye ubao ili isitoroke. Wasanii wananiita Mama Asilimia, wanadhani sijui.

Sasa sikia yaliyonikuta. Miaka miwili iliyopita nilimwita mdogo wangu, yeye ni fundi wa vitasa na mageti, aje anibadilishie kitasa cha studio kwa sababu cha zamani kilikuwa kinafunguka hata kwa kijiko, na siku hiyo mimi na mpiga kinanda wangu tulikuwa tumekwama, nina beti tatu za mwanamume anayerudi nyumbani baada ya kukawia sana lakini sina kiitikio, tunazunguka pale pale tangu asubuhi, na yeye mlangoni kapiga goti, skrubu mdomoni, bisibisi mkononi, mara nikamsikia anaguna wimbo, "Nimekuja na ufunguo, umebadili kitasa." Maneno na sauti yake, vyote viwili. Mpiga kinanda akanyanyua mikono kwenye kinanda kama kaungua. Nikamwambia mdogo wangu, "Rudia." Akatoa skrubu mdomoni akarudia. Akamaliza kitasa, akafagia unga wa mbao, nikamlipa elfu thelathini na tano, akaandika risiti, akaondoka. Risiti ninayo mpaka leo, kwa hiyo asije mtu kusema sikumlipa.

Karatasi hatukujaza. Ndiyo, mimi. Nilisema moyoni, nani anamwandikisha ndugu yake, tena fundi aliyekuja na begi la misumari? Wiki tatu baadaye chama kinachokusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi, kikataka majina yao, nikaandika mimi sabini kwa mia, mpiga kinanda thelathini. Jumla mia. Hesabu zangu hazina kasoro. Miaka miwili wimbo umeingiza milioni moja na laki mbili na elfu sitini, mimi nimechukua 882,000 na mpiga kinanda 378,000, na kila mgao nilisema nitamkumbuka mdogo wangu, nikamkumbuka kwa sukari na unga.

Mwezi uliopita wakaja watu wa tamthilia ya runinga. Wanautaka wimbo ufungue vipindi ishirini na sita, milioni mbili na laki nne, nusu kwa ajili ya rekodi, ambayo ni yangu peke yangu kwa sababu studio nililipia mimi, na nusu kwa ajili ya utunzi. Fomu yao iliuliza kama watunzi wote wameridhia. Nikaweka alama ya ndiyo. Kwangu "wote" walikuwa wawili.

Wakaanza kurusha tangazo. Mdogo wangu alikuwa anarekebisha mlango wa kinyozi, runinga ukutani, akasikia kiitikio, akasema, "Hicho nimekitunga mimi." Walimcheka mpaka wateja wakakatwa vibaya. Mmoja akamwambia, "Fundi kitasa, hebu tuimbie basi!" Akaimba. Kinyozi akachukua simu akatafuta wimbo, akasoma majina ya watunzi kwa sauti mbele ya watu wote, la kwangu na la mpiga kinanda, akamaliza, akamtazama. Mdogo wangu akakusanya vifaa vyake akaacha mlango unaning'inia kwenye bawaba moja. Jioni akawaandikia watu wa tamthilia maneno haya tu: "Kiitikio ni changu. Sijaulizwa."

Ndiyo simu ya Jumanne. Dada wa leseni wa ile tamthilia akaniambia mkataba umesimama, nilete saini za watunzi wote kufikia Ijumaa ya wiki hii saa kumi jioni, la sivyo watachukua wimbo mwingine, tayari wanao.

Nikaenda kwake siku hiyo hiyo, karatasi mkononi, nimeshaijaza kwa kompyuta kuokoa muda, jina lake na asilimia kumi na tano, tarehe nimeweka ya siku ile ya kitasa ili mambo yakae sawa. Wifi akanipokea getini, akaiona ile karatasi, akacheka. "Karibu wifi. Leo hata chai tutagawana kwa asilimia?" Mdogo wangu alikuwa anachonga ufunguo, hakuzima mashine. Nikamweleza. Kumi na tano ni 180,000. Anachonga. Ishirini na tano, 300,000. Anachonga. Nikafika thelathini na tano, nusu ya sehemu yangu, 420,000, mshauri, na hapo mimi bado ningebaki na 1,620,000, maana yake namba zinakubali, asiyekubali ni yeye.

Akazima mashine. "Dada, hawa watoto wa watu wanaokuja studio kwako, karatasi yao huwa unawajazia nyumbani?"

Nikamwambia, "Hawa si ndugu zangu."

Akasema, "Ndiyo maana wao wana bahati." Akawasha mashine.

Nimemsomesha ufundi mimi. Ada ya miaka miwili niliilipa mimi kwa kupiga chapa usiku na mchana, na bisibisi ya kwanza nilimnunulia mimi. Leo ananiangusha kwa mistari miwili. Sijaiba, nilisahau, na nilipokumbushwa nilipandisha bei mara mbili. Mpiga kinanda anasema yeye hataki kesi ya ndugu, nikimwambia asaini tarehe ya zamani anasaini.

Gazeti lako linatoka Jumatano. Sitaki mafumbo wala methali. Nataka ujibu mawili siku hiyo hiyo, kwa sababu Ijumaa saa kumi nimekwisha: karatasi ya tarehe ya zamani itanifaa, ndiyo au hapana? Na nimpe ngapi?

Mchapishaji aliyekwama

*

Mchapishaji,

Tarehe ya zamani: hapana. Hilo moja nimelimaliza.

Pole kwanza, na pole yangu ni ya kweli. Najua maana ya kuanza na mashine ya chapa ya duka la mtu na kufika nyimbo sabini na nne bila kudaiwa. Najua pia ada ya ndugu inavyolipwa, na kwamba anayeilipa huwa hapewi risiti. Lakini ulimsomesha vitasa, hukumsomesha kiitikio. Usichanganye madeni.

Na hiyo risiti unayoitunza kama hati ya kiwanja, itoe uisome. Imeandikwa nini? Kitasa kimoja, na kazi ya kukifunga. Elfu thelathini na tano zimelipa kitasa, na nakuamini mlango unafunga vizuri. Zile skrubu alipozitoa mdomoni na kurudia kwa sababu wewe ulisema "rudia", hapo kazi ya pili ilianza, na haina risiti mpaka leo.

Unasema ulisahau. Mama, mtu aliyesahau hakumbuki kupeleka sukari. Ulikuwa unajua. Kila mgao ulikuwa unajua, ukawa unalipa mirabaha kwa kilo. Mwenyewe umekataza methali, nami nitakupa moja tu kwa sababu ni yako: mganga hajigangi. Karatasi uliyoibuni wewe kuwalinda watoto wa watu, uliikosesha nyumba yako.

Soma tena barua yako, pale ulipoeleza sheria ya studio. Kwanza mtu anasimama na kuimba alichokileta. Kisha jina. Kisha mchango. Asilimia mwisho kabisa, maneno yako hayo. Kwa mdogo wako ulianza na asilimia, ukaongeza asilimia, ukamalizia na asilimia. Ndiyo maana thelathini na tano haikumsogeza, na ungefika sitini asingesogea. Kwa kinyozi aliambiwa imba, akaimba, wakamtafuta kwenye orodha wakamkosa. Watu baki wamemsikiliza kabla yako, tena kwa dhihaka.

Sasa kazi, na uifuate kwa mpangilio huu kwa sababu siku ni mbili.

Leo hii, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, mpigie yule dada wa leseni. Mwambie fomu uliyojaza haikuwa sahihi, mtunzi wa tatu yupo na hakuulizwa, na kosa ni lako. Atakasirika, mwache. Rekodi ni yako yote, hilo hakuna anayebisha, lakini rekodi bila utunzi ni kitasa bila mlango, huwezi kumuuzia mtu. Akisikia ukweli kutoka kwako ana sababu ya kukusubiri mpaka Ijumaa. Akija kuusikia kwa mwingine, hatakuamini hata kwa zile nyimbo sabini na tatu zilizobaki.

Ile karatasi ya tarehe ya uongo, ichane. Ukiipeleka, umetoka kwenye kosa la kusahau, kama tutaliita hivyo, umeingia kwenye kughushi, na umemvuta mpiga kinanda ambaye hana hatia zaidi ya kupenda amani. Karatasi mpya itakuwa na tarehe ya siku itakayosainiwa, na chini yake mtaandika kwamba wimbo ulitungwa siku ile ya kitasa. Hakuna aibu karatasi kuchelewa. Aibu ni ikijifanya imewahi.

Kisha mwite mdogo wako studio. Usiende kwake na bahasha, na usimtume wifi yako, ingawa huyo mwanamke nampenda bila kumjua. Mpiga kinanda awepo, kwa sababu yeye ndiye shahidi aliyenyanyua mikono. Ubao ule ule, kalamu ile ile na uzi wake, karatasi tupu. Asimame aimbe. Wewe, ambaye unaweza kugawanya mirabaha kichwani huku unapanda ngazi, nyamaza. Mkishakubaliana alichokileta, andika jina lake kwa mkono wako, andika mchango, ndipo mjadiliane namba, watatu.

Utaniuliza, akisema hamsini? Basi hamsini, kama mpiga kinanda atakubali kwamba ndiyo haki. Utabaki na ishirini ya utunzi, 240,000, pamoja na rekodi 1,200,000, jumla 1,440,000. Nimekupigia hesabu kwa sababu najua usingelala mpaka uipige. Lakini swali lako la pili sikulijibu, kwa sababu hii. "Nimpe ngapi" si swali la mtu ambaye kitu si chake peke yake.

Namba hiyo ikipatikana, irudishe nyuma miaka miwili. Mliyochukua kwenye ile milioni moja na laki mbili na elfu sitini yahesabiwe upya. Mpiga kinanda alichukua alichoandikiwa na wewe, kwa hiyo pengo lijaze kutoka kwenye 882,000 zako. Mlipe kwa maandishi. Sukari na unga usivikate, hivyo ulimpa kama dada. Na hapo hapo watatu mkiandikie barua chama cha mirabaha ili majina yarekebishwe, maana kinyozi atatafuta tena kwenye simu, na safari hii nataka asome mpaka mwisho.

Kuna jambo moja siwezi kukuondolea. Anaweza kuimba, akasaini kwamba ni mtunzi, halafu akasema hataki wimbo uende kwenye tamthilia. Hiyo itakuwa haki yake. Utapoteza pesa zote hizo na utalazimika kuteremka ngazi zako ukiwa na sifuri. Kama huwezi kumuuliza bila kuwa tayari kwa jibu hilo, basi huulizi, unakusanya saini.

Umenipa muda, nami nakupa wako. Kesho Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, uwe umemwita mdogo wako na kumwambia maneno haya, bila namba hata moja mbele wala nyuma: "Siku ile ya kitasa, ulitunga nini? Niimbie niandike." Kisha piga simu hapa chumba cha habari. Atakayepokea nimemwagiza aandike neno moja tu, kwa hiyo usimweleze historia ya ada wala ya bisibisi. Ulimuuliza, ndiyo au hapana?